Nimekusikia Ukipita

Tiketi inasema: Mwanza–Bukoba,
kilomita mia moja sabini na ushee,
dakika arobaini na tano.
Aliyepima alivuta uzi juu ya ziwa
akaukata kwa meno, kama fundi cherehani mwenye haraka,
asiulize nguo itamkaa nani.

Mama hapimi hivyo.
Nilimpigia ningali kwenye mizani, pale Ilemela,
sanduku kilo kumi na nane,
mchele, na michembe ya Magu
ambayo karani Mashauri aliinusa, akatabasamu, akaandika.
"Ndizi naziinjika sasa hivi," mama akasema. "Usizitangulie."

Maana mwaka jana nilizitangulia.
Nilibisha hodi sufuria haijatoa hata povu,
akanitazama kama mdai aliyekuja kabla ya tarehe.
"Hamu yenyewe sijamaliza kuivaa," alisema,
"na wewe umeshafika."

Enzi za meli mambo yalikuwa vingine.
Ukiaga Mwanza jioni, yeye huku analoweka maharage.
Usiku kucha maharage yanavimba,
na kile kilichomo kifuani mwake nacho kinavimba,
hata honi ilie gatini alfajiri
moto umeshawaka, kitunguu kimeshakatwa.
Huo ndio uliokuwa umbali:
usiku mmoja wa maharage.

Kisha ukaja ule mwezi Mei.
Mjomba Rwechungura akabaki majini
na daftari lake la wadeni,
na tangu hapo mama haitaji meli kwa jina.
Anasema "kile."
"Usije na kile."

Basi nikaruka.
Mawe ya Mwanza yakabaki chini, yamepangwa
kama mizigo ya abiria walioghairi safari.
Kome ikapita kushoto. Baadaye ikawa maji tu,
maji yasiyo na kibao cha kilomita
wala kijiwe cha kumuuliza mtu njia.
Dakika ya thelathini na nane
nikakiona kisiwa cha Musira, ubavu wake mmoja,
halafu ukungu ukafunga mlango.

Rubani akazunguka.
Akazunguka tena.
Sauti yake ikatujia kwa upole wa daktari:
uwanja hauonekani, tunarudi.

Mwalimu mmoja, kiti cha mbele yangu,
akatoa kalamu, akapiga hesabu mgongoni mwa bahasha.
"Dakika tisini na tano," akanigeukia,
"kilomita mia tatu hamsini na zaidi,
kutoka Mwanza hadi Mwanza."
Akachora sifuri, akaizungushia duara,
akacheka peke yake.

Mashauri alinirudishia sanduku bila kulipima.
Simu ikaamka mkononi.
Mama hakuuliza niko wapi.

"Nimekusikia ukipita," alisema.
"Mara mbili, juu ya bati langu.
Nikatoka na mwiko, nikakupungia kwenye ukungu.
Uliniona?"

Nilitazama nje. Jua la Mwanza limeanika mawe,
hakuna hata wingu moja la kusingizia.
"Nilikuona."
"Mwiko ulikuwa mkono gani?"

Mama ana shoto tangu utoto;
walimu walimchapa wee, wakachoka wao.
"Wa kushoto," nikasema.

Akanyamaza. Nikasikia jikoni kwake
kifuniko kikirudishwa juu ya sufuria,
na jirani, Kokushubira, akiuliza kama mgeni amefika.
"Amefika nusu," mama akamjibu.

Kisha kwangu, taratibu, kama mtu
aliyerudishiwa kitu alichoibiwa siku nyingi
na hataki kuonyesha furaha mapema:

"Kesho kuna ndege?"
"Saa tatu asubuhi, ukungu ukiruhusu."
"Vizuri. Ndizi hizi tutakula sisi.
Wewe," akasema,
"ngoja niloweke maharage."